Dagaa mchele wanageuka manjano na kukatika vichwa: kosa liko botini, chunguni au kwenye chanja?

Kilindoni_Kwetu

Assalaam alaykum wanajamvi. Swali hili ni kwa wanaochemsha na kukausha dagaa wa bahari kwa biashara, hasa wa Mafia, Unguja na Pemba.

Tuko Kilindoni. Giza la mwezi likiingia, zile siku zisizo na mbalamwezi, tunanunua dagaa mchele kwenye boti za mtando (nyavu ya kuzungushia dagaa waliovutwa kwa taa), ndoo 30 hadi 40 za lita 20 usiku ukiwa mzuri. Boti zinafika alfajiri, nyingine jua limeshapanda. Tunachemsha kwa maji ya bahari ndani ya mapipa yaliyokatwa nusu, juu ya mafiga, ndoo mbili kwa mkupuo, chumvi kwa kukadiria kwa mkono. Wakiiva tunawamwaga kwenye turubai lililotandikwa mchangani.

Mzigo unaotoka una kasoro tatu. Rangi inakuwa manjano, si ile nyeupe inayong'aa. Vichwa vinakatika na matumbo yanapasuka, kiasi kwamba chini ya kiroba panabaki unga mtupu. Na mzigo ukikaa ghalani wiki mbili, katikati ya kiroba pananuka na kushika ukungu ingawa juu panaonekana pakavu. Wanunuzi wa Kongo wanaushusha daraja, na sehemu kubwa inaishia kuuzwa kama chakula cha kuku.

Kosa liko wapi? Na chumvi hasa ni kiasi gani? Hapa bandarini kila mtu ana jibu lake.

---

Ngama_Kavu

Wa alaykum salaam. Anza na boti, chungu baadaye.

Tumbo kupasuka ni kosa la baharini. Dagaa aliyekusanyika chini ya taa hakai bure: mwanga unavuta vidudu vidogo vya majini, naye anavila mpaka nyavu inapomzunguka. Kwa hiyo anavuliwa tumbo limejaa. Akishakufa, vimeng'enya vilivyokuwa vinasaga chakula vinaanza kusaga tumbo lenyewe, na kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30 kazi hiyo haingoji asubuhi. Ukimtia chunguni akiwa tumbo limeshalegea, maji ya moto yanamalizia tu kilichoanza. Taa ikiwashwa muda mrefu kabla ya nyavu kutiwa, tumbo linazidi kujaa. Ndiyo maana mkupuo wa saa 9 usiku mara nyingi una matumbo mekundu zaidi ya ule wa saa 3.

Bila barafu, hesabu yako ni saa 3 tangu nyavu kuvutwa hadi dagaa kuingia kwenye maji yanayochemka. Zikifika saa 5 au 6 tangu kuvuliwa, tumbo la mchele umeshalikosa, hata umbembeleze vipi. Mwambie nahodha asichanganye mikupuo: wa kwanza ukae kreti zake, wa mwisho zake, na chunguni uanze na ule wa zamani. Boti nyingi zinamwaga vyote ngamani (chini kabisa ya boti, panapotuama maji), kisha watu wanatembea juu yake. Ngamani mle mna maji yenye petroli na oili, na rundo likizidi kina cha sentimita 30 dagaa wa chini wanapondeka kwa uzito wa wenzao. Harufu ya petroli haitoki kwa kuchemsha.

Jambo jingine linalosahaulika ni maji ya bahari yenyewe. Giza totoro la mwezi linakwenda pamoja na bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Boti ikiingia saa 11 alfajiri inashusha karibu. Ikichelewa hadi saa 2, inatia nanga mbali, na ndoo zinabebwa kichwani kuvuka maji yanayopwa huku jua likiwaka. Hapo mtu anapoteza saa nzima au zaidi, na dagaa aliyekuwa mzuri anashuka daraja akiwa njiani. Mpange bei na nahodha kwa saa ya kufika. Mkilipana bei moja kwa wa alfajiri na wa saa 3, hakuna atakayeharakisha.

Barafu ikipatikana, usiimwage juu ya dagaa vipande vipande, kwa sababu pembe za barafu zinakata ngozi. Iponde, uichanganye na maji safi ya bahari, upate uji wa barafu. Kwa kila kilo 2 za dagaa, tia barafu kilo 1 na maji kama nusu lita. Kupoza kilo 1 ya dagaa kutoka nyuzi 28 hadi karibu na 0 kunakula barafu gramu 300 hivi, inayobaki ndiyo inayopambana na joto la nje. Kama kasha halina ukuta wa kuzuia joto, au mnachemsha mpaka adhuhuri, weka kilo kwa kilo.

Kuna sababu ya kiafya pia. Dagaa wa jamii hii akikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama. Kuchemsha kunaua bakteria, lakini histamini iliyokwishatengenezwa inabaki, na kukausha kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 200 kwa kilo. Mlaji anawashwa, anakuwa mwekundu usoni, moyo unamwenda mbio, na wewe hukuona wala kunusa chochote.

---

Bi_Chungu

Nakubaliana na Ngama_Kavu kuhusu tumbo, ila vichwa kukatika ni kosa la chunguni kwa sehemu kubwa. Kwa maelezo yako tayari naona mambo mawili: ndoo mbili kwa mkupuo, na kukadiria chumvi.

Ndoo ya lita 20 iliyojaa dagaa ni kama kilo 18, kwa hiyo unatia kilo 36 kwenye nusu-pipa lenye maji yasiyozidi lita 80. Maji yaliyokuwa yanatokota yanashuka hadi karibu nyuzi 80, na moto wa mafiga unahitaji dakika nyingi kuyarudisha. Muda wote huo dagaa wanalowa katika maji ya moto yasiyochemka: nyama inalainika taratibu, wa chini wanagandamana, wa juu bado. Halafu mtu anachukua mwiko na kukoroga ili walingane. Hapo ndipo vichwa vinapong'oka. Dagaa aliyeiva nusu hakorogwi.

Tumia kapu la plastiki gumu lenye matundu, au la wavu wa waya usioshika kutu, linaloingia pipani na kubaki na nafasi pembeni. Tia kilo 8 kwa mkupuo, maji lita 80. Kwa kipimo hicho maji yanapoa nyuzi 5 au 6 tu na kuchemka tena mara moja. Ukishaona yamerudi kuchemka, hesabu dakika moja na nusu hadi mbili kwa mchele wa sentimita 4 au 5, na dakika tatu kwa wa sentimita 7. Wale samaki wadogo waitwao simu ni wengine, wanataka dakika 5 na zaidi, usiwachanganye. Dalili ziko wazi: macho yanakuwa meupe, mwili unapoteza ule uangavu wa kioo, na wengi wanaelea juu. Chukua mmoja, mbinye mgongoni. Nyama ikiachana na mwiba na pasiwe na damu kwenye uti, epua.

Kabla ya kuinua kapu, ondoa povu na mafuta yaliyoelea juu. Watu wanalipuuza hili, kumbe nusu ya umanjano unaanzia hapo. Kapu likipanda linapita kwenye utando wa mafuta, kila dagaa anavaa koti jembamba la mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayokutana na jua na hewa yakageuka manjano na kutoa ule ukali wa kooni. Ukishainua, suuza kwa kumwagia maji safi ya bahari mara moja, kisha liache kapu lichuruzike dakika 10 hadi 15 limeinamishwa. Baada ya makapu kumi na mbili hivi, au mapema zaidi kama maji yamekuwa ya kahawia na povu haliishi, mwaga uanze upya. Kuongeza maji mapya juu ya machafu hakusaidii.

Sasa chumvi. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Lengo la kawaida ni gramu 80 kwa lita. Kwa pipa la lita 80 unaongeza kilo 3 na nusu ya chumvi safi, na baada ya kila kapu la kilo 8 unarudisha gramu 200 hadi 300 kufidia iliyoondoka na samaki. Pima kwa kopo ulilolipima kwenye mizani, kiganja hakina kipimo. Wa kuangalia haraka wanatumia yai bichi la siku hiyo: chota maji, yaache yapoe, tumbukiza yai. Likianza kuelea, umepita gramu 100.

Chumvi yenyewe iwe kavu na safi. Chumvi ya mashambani iliyochanganyika na tope huacha mchanga kwenye dagaa, na mara nyingine ina bakteria wanaopenda chumvi, wale wanaoleta utando wa waridi kwenye samaki ghalani. Ukiona rangi hiyo, mzigo ule utenge, na sakafu ioshwe kabla ya kuingiza mwingine.

Na mafiga jamani! Jenga jiko la matofali na udongo, pipa likae ndani ya shimo lake, mlango wa kuni upande mmoja na bomba la moshi upande wa pili. Kuni zinapungua sana na maji yanarudi kuchemka haraka, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Kuni za mvinje zinatosha. Mikoko kuikata bila kibali ni kosa, na huhitaji moto wake.

---

Mizani_Haidanganyi

Gramu 80 ni kidogo kwa mzigo unaovuka mpaka, hasa wakati wa kusi. Wanaopeleka mbali wanakwenda 120 hata 150. Chumvi ndiyo kinga dhidi ya nzi na wadudu, na mteja wa mbali anataka dagaa aliyekolea. Pia tuseme ukweli, chumvi ina uzito.

---

Bi_Chungu

Mizani, shekhe wangu, uzito huo ndio unaowaharibia jina wote. Dagaa akitoka chunguni mpaka akauke, uzito wake unapungua mara mbili na nusu, lakini chumvi haiendi popote. Ukimtoa chunguni na chumvi asilimia 3, mkavu anakuwa na 7 au 8. Ukimtoa na 6, umefika 15, na hicho ndicho kikomo cha Codex kwa dagaa wa kuchemshwa na kukaushwa.

Isitoshe, chumvi nyingi inaleta unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 75, chumvi inaanza kunyonya maji, na kisiwani usiku mwingi unapita hapo. Kiroba cha chumvi nyingi kinalowa chenyewe ghalani bila tone la mvua. Kuhusu nzi uko sahihi: wakati wa kusi, kukiwa na mawingu, gramu 100 naziunga mkono, kwa sababu kinga inahitajika wakati dagaa bado ni mbichi-mbichi. Zaidi ya hapo ni kuuza chumvi kwa bei ya dagaa.

---

Upepo_wa_Matlai

Nimeachiwa chanja, na chanja ndiyo inayoleta ule ukungu wa katikati ya kiroba.

Turubai mchangani lina kasoro tatu. Hewa haipiti chini, kwa hiyo upande mmoja unaiva kwa jua na wa pili unatokota kwa mvuke wake wenyewe. Maji yanatuama kwenye mikunjo. Na mchanga unaingia, na mchanga hautoki. Mnunuzi akitafuna mmoja akasikia changarawe, hana haja ya kukagua kingine.

Chanja: nguzo za mvinje, urefu wa sentimita 90 kutoka chini, upana mita 1.2 ili mtu afike katikati kwa mkono bila kupanda. Juu tandika wavu wa macho madogo, milimita 5 au chini, uvutwe ukazane. Ukilegea unafanya tumbo katikati, dagaa wanateleza na kurundikana pale pale, na rundo hilo ndilo litakalooza kiroba kizima. Weka fito ya kupitisha chini kila mita moja. Upande mrefu wa chanja uelekee upepo, usiuweke nyuma ya ukuta au makuti.

Eneo ndilo watu wanalolikosea zaidi. Mita moja ya mraba inabeba kilo 4 hivi za dagaa kwa tabaka moja. Ndoo zako 40 ni kilo 720, kwa hiyo unahitaji mita za mraba 180, sawa na chanja kumi za mita 15. Kama unazo nne tu, nunua ndoo 16. Ndoo ishirini na nne za ziada zitakaa rundoni zikingoja nafasi, na zitaharibika pamoja na zile ulizoanika kwa sababu utabanana.

Mwage tabaka moja, kisha usiwaguse saa 2 za mwanzo. Ngozi ikiwa bado inanata, kila mguso unaacha kichwa kwenye wavu. Zikikauka juu, geuza kwa mkono au kwa reki ya mbao yenye meno butu, mara moja kabla ya adhuhuri na mara moja alasiri. Anua saa 11 jioni, kabla umande haujaanza kushuka. Usiwaache nje hata anga ikiwa safi, maana usiku safi ndio wenye umande mwingi.

Sasa jibu la ukungu wako. Wakati wa kaskazi, jua kali na upepo mkavu, dagaa anaweza kuonekana amekauka kwa siku moja. Nje kagumu, ndani uti bado una maji. Ukimtia kirobani siku hiyo hiyo, maji ya ndani yanatoka polepole, yanakwama katikati, na baada ya siku kadhaa una ukungu. Dawa yake ni kumlaza: jioni mkusanye chini ya paa, rundo la chini lisilozidi sentimita 20, umfunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Usiku unyevu wa ndani unatoka nje. Asubuhi ukimshika utaona amelainika tena. Mrudishe chanjani nusu siku, umalize.

Kupima ukavu, weka chanja la majaribio. Pima kilo 2 za dagaa aliyechemshwa na kuchuruzika, waanike mahali pao pekee. Wakifika gramu 800 hadi 850, mzigo mzima uko tayari. Bila mizani, mkunje mmoja: akivunjika kwa mlio amekauka, akipinda bado. Jaribu wa katikati ya chanja, wa pembeni anakauka mapema na atakudanganya. Kwa jumla tegemea kilo 1 ya mkavu kwa kila kilo 3.5 hadi 4 za mbichi. Mtu akikwambia anapata kilo 1 kwa 2.5, anauza maji au chumvi.

---

Kilindoni_Kwetu

Allah awalipe. Nauliza mawili tu. Barafu hapa ni ya kubahatisha, siku nyingi haipo. Na mvua ikishuka dagaa wakiwa nusu wakavu, kuna namna ya kuwaokoa?

---

Ngama_Kavu

Bila barafu punguza saa, huna njia nyingine. Boti ishushe mkupuo wa kwanza kwa mtumbwi au boti ndogo usiku wa manane, moto uwe umeshawaka, msingoje boti kubwa irudi na vyote. Kreti zikae kivulini kwenye boti, zifunikwe gunia lililoloweshwa maji ya bahari na kuachwa upepo upite. Gunia la maji linashusha joto nyuzi chache, si barafu, lakini linazuia dagaa wa juu kukauka ngozi na kuiva kwa jua. Kreti zisijazwe zaidi ya kilo 15. Na asiyeweza kuchemshwa ndani ya saa 4 atengwe mapema auzwe mbichi bandarini au kwa chambo. Ukimchanganya, anashusha bei ya wote.

---

Upepo_wa_Matlai

Mvua: anua mara tone la kwanza linapoanguka, na banda liwe hatua chache kutoka kwenye chanja. Ndani watandaze kwenye chanja za ghorofa, tabaka moja lile lile, kuta ziwe wazi pande mbili. Rundo ni marufuku. Dagaa aliyekwishapoteza nusu ya maji yake anavumilia usiku mmoja na mchana wa mawingu namna hiyo. Aliyeanikwa asubuhi ile akanyeshewa, mrudishe kwenye maji ya chumvi yanayochemka kwa nusu dakika, mchuruzishe, uanze upya. Atapoteza vichwa kadhaa na rangi, atakuwa daraja la pili, lakini atalika.

Kuanzia Machi hadi Mei usijaze chanja. Masika ikichanganya, wenye akili wananunua robo ya kawaida au wanafunga kabisa. Kikaushio cha nailoni kinasaidia, mradi kiwe na matundu ya hewa chini na ya kutolea mvuke juu, na joto la ndani lisipite nyuzi 50 saa za mwanzo. Likipita, dagaa anaiva mara ya pili na kuwa brauni. Kikaushio kisicho na tundu la juu ni chumba cha mvuke tu, usipoteze pesa.

Usipulizie dawa ya mbu wala kunyunyiza dawa ya unga ghalani kuzuia wale viwavi wa manyoya. Wadudu hao wanakuja kwa dagaa mkavu aliyekaa, na dawa yake ni kuanika upya mzigo saa chache juani, kupepeta, kufagia nyufa za sakafu na kuuza wa zamani kwanza.

---

Mzigo_Tunduma

Niongeze ufungaji, kwa sababu mzigo mzuri wa kisiwani unaharibikia barabarani.

Usifunge dagaa akiwa na joto la jua. Mwache chini ya paa saa 2 au 3 apoe kabisa. Ukifunga moto, mvuke unaganda kwenye ukuta wa kiroba usiku. Pepeta kwanza, unga na vichwa viuzwe peke yake. Tumia viroba vipya vya kusukwa vinavyopumua. Vilivyobeba mbolea au saruji usivikaribie, hata vikioshwa. Mfuko wa nailoni ndani unafaa kwa dagaa aliyepimwa akawa mkavu kweli, kwa mwingine unafungia unyevu. Usishindilie kwa miguu. Kilo 25 kwa kiroba ni uzito ambao kuli anaweza kuushusha taratibu. Cha kilo 50 hakishushwi, kinatupwa, na ule unga wa chini unaoulalamikia mwingine unatokea hapo.

Ghalani viroba vikae juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani. Kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati, waambie mabaharia viroba visikae karibu na madumu ya mafuta wala kwenye maji ya ngamani, na vifunikwe kwa turubai dhidi ya maji ya mawimbi. Turubai hilo litolewe mkifika. Mzigo wa Kongo unaopita Tunduma kuingia Zambia na kushuka Kasumbalesa hadi Lubumbashi unatoka joto la Dar es Salaam na kupanda kwenye baridi ya Nyanda za Juu. Usiku turubai la lori linatoa jasho kwa ndani na kudondosha juu ya viroba vya juu. Wekeni safu ya maboksi yaliyofunuliwa au magunia matupu kati ya viroba na turubai, na dereva alifungue mchana kwenye foleni ya mpakani kama hakuna mvua. Foleni inaweza kula siku kadhaa. Wa Kigoma kwenda Kalemie au Uvira kwa meli wanakutana na tatizo lile lile la jasho, kwa sababu ya hewa ya ziwani.

Karatasi zianze kabla mzigo haujaondoka kisiwani: leseni ya kufanya biashara ya mazao ya uvuvi, kibali cha kusafirisha kutoka kwa ofisa uvuvi wa wilaya, na kwa nje ya nchi kibali cha wizara pamoja na cheti cha afya ya mazao. Walio Zanzibar wana wizara yao na taratibu zao, wasitumie karatasi za Bara. Majina na uzito kwenye karatasi viwe sawasawa na viroba vilivyopakiwa. Dagaa anapungua uzito kidogo njiani, kwa hiyo pima siku ya kupakia, usichukue hesabu ya siku ya kufunga.

Andika kwenye kila kiroba tarehe ya kuchemsha na alama ya boti. Mnunuzi akilalamikia viroba sita kati ya mia, utajua ni vya usiku gani, vya nahodha yupi, na kama siku ile bamvua ilimchelewesha.